Gogo ya Tatu ya Preparatere

Watu wanaonunua kuni wanatafuta kuni ngumu, yenye kukauka, yenye kulia ukiigonga. Yeye alitafuta ile yenye matundu. Siku ya kwanza alipopita ku hangar yangu ya kuni, pale Kadutu mu Bukavu, chini ya soko, niliona mutu mwembamba mwenye koti ya kijivu anaruka kuni zote nzuri nilizopanga mbele, anaenda nyuma kule nilitupa zenye kuoza. Alichukua kipande cha muti wa mushebeye, akakiweka ku sikio namna watu walikuwa wanaweka radio ndogo wakati wa mupira, akafunga macho.

"Papa, hiyo haiwake," nilimwambia. "Itakupa moshi tu."

"Nyamaza kidogo, mama. Wanakula."

Mama Cibalonza, aliyeuza makala pembeni yangu, alicheka mupaka akakaa chini. "Mama Zawadi, leo Mungu amekutumia muteja wa moshi!" Yule mutu hakugeuka. Aliniita na kidole, akaweka kile kipande ku sikio yangu mimi, na nikasikia: kru, kru, kru, kama mutu anatafuna mahindi ya kukaanga mu chumba ingine. Nilikuwa nimeuza kuni miaka mingi, mama yangu aliuza mbele yangu, na hata siku moja hatukusikia ile.

"Ni funza," alisema. "Atakaa mule miaka mbili, tatu. Halafu atatoka na mabawa, na pembe ndefu kupita mwili wake. Hii nitaikamata. Na ukipata ingine yenye kutafuna, usiuzishe watu. Uniwekee."

Kazi yake ilikuwa ku kituo cha wasomi wa mambo ya pori, inje ya muji. Madokotere, wale wasomi, walikamata wadudu, yeye aliwapanga: kuwachoma na shindano nyembamba, kuwanyoosha miguu, kuwaandikia karatasi ndogo. Mu karatasi za kazi cheo yake ilikuwa préparateur, yaani mwenye kutayarisha. Sisi tukasema Preparatere, ikabakia hivyo. Jina yake ninaijua, ile ya ubatizo na ile aliyochukua wakati serikali ilisema majina ya wazungu ifutwe, lakini sitaiweka hapa. Ya kwanza walimukataza, ya pili hakuizoea. Ukimwita Preparatere aliitika haraka.

Mikono yake ilikuwa mikubwa, ya mutu wa kulima, na vidole vyenye ngozi nene. Mara nyingi nilijiuliza namna gani vidole vile vinaweza kushika muguu wa mududu mwembamba kama unywele na usivunjike. Nilimuuliza. Alisema: "Ninaacha kupumua." Na kweli, siku moja nilimuona anafanya ku meza yake, nikahesabu mu kichwa, nikaanza kuogopa, nikataka kumugonga mugongo. Alinuka naftalini. Ku kanisa wenye kukaa pembeni yake walifikiri ametoa nguo mu sanduku ya marehemu, na labda njo maana alienda ku kanisa mara mbili tu kwa mwaka, Noeli na Pasaka, na hata pale macho yake ilikuwa ku mbao za paa.

Bibi yake wa nyumba, Mama Mugisho, alikuwa mwanamuke munene, mwenye kusema waziwazi, na alimupenda. Lakini alikuwaka analia kwangu. "Wanawake wengine wanaogopa bwana ataleta bibi wa pili," alisema. "Wangu ameleta magogo, na ameyalaza chini ya kitanda yangu! Usiku kucha yanatafuna. Mama Zawadi, we unaweza kulala na mutu ambaye, ukimuamsha umwambie kuko mwizi, anakujibu: hapana, ule ni yule wa mushebeye, anageuka kutafuta njia ya kutoka?"

Preparatere, aliyekuwa amekaa palepale, alijibu pole: "Na siku ile ilikuwa kweli ule wa mushebeye."

"Na siku walituiba sufuria?"

"Siku ile nilikosea."

Alikuwa mukali sana, na ukali wake ulikuwa ku kitu moja tu. Ungeweza kumutukana, kumukanyaga muguu, kumusahau ku chakula, hakusema kitu. Lakini kama ulimupa mududu bila kumwambia alitoka wapi, ku muti gani, nani alimukamata, alikutazama kama umemuletea maiti isiyo na ndugu. Kulikuwa dokotere moja muzungu, mutu mukubwa, aliyefika ku meza yake na mududu wa kijani wa kupendeza sana. Akasema alimukamata labda Shabunda, ao labda mu njia ya Shabunda, hakumbuki muzuri. Preparatere alimuchukua yule mududu na heshima yote, akatembea paka ku ndoo ya takataka, akamuangusha mule. "Labda haiandikwe, dokotere," alisema. Aliadhibiwa siku tatu bila kazi. Zile siku tatu alikuja kukaa ku hangar yangu, akapasua kuni yangu yote na shoka, anatafuta ndani.

Lakini mutu huyo, mwenye kuua wadudu kila siku ya kazi na dawa mu chupa, hakuweza kuona kuku ikichinjwa. Ku ndoa ya dada yangu Faida alitoka mu kiwanja, akaenda kusimama mu barabara paka waliposema imeisha. Halafu akaingia, akakula paja mbili.

Ni yeye alinifundisha kuangalia. Ninasema kuangalia, kwa sababu mbele yake nilikuwa na macho tu. Aliniletea siku moja sanduku ndogo yenye kioo, na ndani wadudu wa pembe ndefu karibu kumi na tano. Wengine manjano kama kitenge mupya, wengine weusi na mistari ya manjano, wengine weusi tupu. Moja mukubwa kama kidole changu cha gumba, moja mudogo kama punje ya maharagi.

"Gawanya familia," alisema.

Niligawanya kwa rangi, haraka, nikajivuna. Alitikisa kichwa. "Rangi ni nguo, mama. Ukubwa ni chakula: mwenye alikula muti mubichi ananenepa, mwenye alikula mukavu anakonda. Hawa ndugu zetu wa pembe ndefu wanapenda kubadilisha. Ku baridi ya mulima wanakuwa weusi, chini ku ziwa wanakuwa manjano. Angalia mifupa. Hapa pembeni ya shingo, iko mwiba. Ule mwiba unaelekea wapi? Na miguu ya nyuma, iko na viungo ngapi?" Akanipa kioo cha kukuza. Kisha akasema, na sauti ndogo kwa sababu Mama Cibalonza alikuwa anasikia, kwamba kwa kweli kabisa inapaswa kumufungua dume tumbo na kuangalia kile kiungo chake, maana kila aina iko na chake na hakifanane na cha jirani.

Mama Cibalonza alikuwa amesikia. "Preparatere! Serikali inakulipa kwa kazi hiyo?"

"Kila mwezi," alisema, bila kucheka. "Wakikumbuka."

Sasa niseme ile kitu iliyokuwa mu roho yake, maana bila hiyo utamuona kama muzee wa kuchekesha tu, na hakuwa hivyo.

Zamani, wazungu watatu walikuwa wamepita ku milima yetu, kila moja kwa wakati wake, na kila moja alirudi kwao na mududu moja wa pembe ndefu, akamupa jina. Wa kwanza alikamata wa Manjano, ku kisiwa cha Idjwi. Wa pili akakamata wa Mistari, upande wa Walungu. Wa tatu akakamata Mweusi, juu kabisa ku mulima Kahuzi, kule mianzi inaanzia. Majina matatu ya kilatini, vitabu vitatu. Hiyo majina aliitamka kama mutu anaimba misa, nikaishika mu kichwa bila kujua inamaanisha nini. Preparatere alikuwa amepanga mamia yao na mikono yake, akaamini kwamba ni familia moja. Watatu ni moja. Hakuna aliyemusikiliza, kwa sababu alikuwa mutu wa shindano na karatasi, hakuwa dokotere.

"Nitawaonyesha mama na watoto wake," aliniambia. "Mama hawezi kubishaniwa."

Alimufungia jike wa Mistari na gogo bichi ya mushebeye mu pipa yenye wavu. Jike akatafuna ganda, akataga, akakufa. Preparatere akamuchoma shindano, akamuandikia. Gogo akaiweka alama ya rangi nyekundu, mustari moja. Akangoja. Nilipomwambia kwamba mimi singeweza kungoja vile, alishangaa: "Haraka ya nini? Yule mwenye kukaa mu giza hajalalamika." Miaka mbili na nusu, wakatoka watoto: wa Mistari wane, na Manjano wawili. Akarudilia na jike wa Manjano, gogo ya pili, mistari miwili, ikawa vilevile. Kwa hiyo wawili walikuwa moja, na hiyo ilikuwa kweli, na iko kweli paka leo. Ilibakia Mweusi wa mulima, na jike wake akamufungia na gogo ya tatu.

Gogo ya tatu ilipofika mwaka wake wa pili, Mama Mugisho alichoka. Alikamata magogo yote chini ya kitanda akayasukuma inje mu mvua. Preparatere akaleta gogo ya tatu kwangu, ameibeba ku kifua na koti yake juu. Mistari mitatu nyekundu. "Yenye kubakia ni ya mazoezi tu," alisema. "Hii njo yenyewe. Niwekee nyuma, mahali kavu. Mimi ninaenda porini na dokotere, juma tatu."

Niliiweka nyuma, nikaifunika na gunia. Niliifunika muzuri. Ninasema hii siyo kwa kujitetea.

Mu juma ya pili akakufa Papa Balagizi, mushona viatu, nyumba ya nne kutoka kwangu. Kwetu, matanga ikianguka mu kartiye, mu mutaa, kuni haina mwenyewe. Wanawake wanapita nyumba kwa nyumba, kila mutu anatoa, na kama haupo wanaingia wanachukua, na ukirudi unasema asante kwa sababu walikuhesabu kama mutu. Mimi nilikuwa tayari kule kwa marehemu, ninachambua maharagi na mujane wake. Saa ya kupika, mangaribi haijafika, nikainua macho, na mu moto, chini ya sufuria kubwa, nikaona mustari nyekundu. Halafu wa pili. Wa tatu ulikuwa umeshaungua.

Mama Cibalonza, mwenye kuileta, alikuwa anapepea. "Kuni yako iko na mafuta, Mama Zawadi," alisema. Na kweli, ganda ilipasuka, funza wakaanza kuanguka mu majivu, weupe, wanene. Mama muzee Nankafu, mama ya marehemu, aliyekuwa amelia siku mbili bila kugusa chakula, akanyoosha mukono, akaokota moja, akamupepeta, akamukula. Akaokota ingine. Watu wote wakafurahi: "Mukongwe anakula! Mungu asifiwe!" Wakamutafutia ingine.

Ningefanya nini? Kuvuta gogo ile mbele ya mujane, kwa sababu ya wadudu? Kumupokonya mama mwenye kuzika mutoto wake? Nilinyamaza. Na kama ningeishia ku kunyamaza, haingekuwa mubaya sana.

Kesho yake nilienda ku hangar. Nilikuwa na magogo ya mushebeye niliyonunua juzi ku bandari, kwa Mama Nsimire wa Bugarula, mwenye kuvusha kuni kutoka Idjwi mu chombo cha Papa Kashosi. Nikachukua moja, nikaweka sikio. Kru, kru. Walikuwamo. Fundi Mugaruka, mwenye kupaka milango, akanipa rangi kidogo mu kifuniko cha chupa. Nikachora mistari mitatu. Nilijiambia: hii ni ya kumupokea tu, asianguke ku mulango, nikishamukalisha na kumupa chai, nitamwambia.

Preparatere alirudi amekonda, miguu imevimba. Hakukaa, hakunywa. Alienda moja kwa moja nyuma, akatoa gunia, akapiga magoti, akaweka sikio. Niliona uso wake. "Bado wako hai," alisema. Na mimi, kinywa yangu, ambayo haijui kufungwa, ilifungwa. Akaibeba tena ku kifua, akaenda nayo kwake.

Miezi saba nyuma yake, siku ya soko, alikuja mbio bila kofia, anapita kati ya vikapu vya tomate, anashika chupa juu.

"Mama Zawadi! Mweusi amezaa Manjano! Mweusi amezaa Manjano!"

Soko yote ikasimama. "Nani?" wanawake wakauliza. "Wa kartiye gani? Na bwana yake amesema nini?" Mama Cibalonza akapiga mikono: "Muache kusema jina ya mwanamuke wa watu mu soko!" Walipoelewa kwamba ni mududu walicheka paka machozi, na Preparatere alicheka pamoja nao, yeye ambaye hatukumuonaka meno. Akanikamata mikono yote mbili, akacheza. Alicheza vibaya sana, kama mutu anayekanyaga moto. Mama Mugisho alikuwa anamuangalia kutoka mbali na mukono ku kinywa. "Sijamuona hivyo hata siku alinioa," alisema. Halafu akapika, akaita watu, tukakunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, na mimi nikakunywa zaidi ya wote.

Alimuambia dokotere wake, dokotere akaandika, ikaenda Ulaya, na mwaka uliofuata ikarudi karatasi ya kupigwa chapa. Majina mawili yalifutwa, ikabakia moja. Mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, kulikuwa jina yake, kwamba yeye ndiye alilea wale watoto. Aliweka ile ukurasa mu kioo, akaitundika mu salon ya nyumba yake. Mugeni akiingia alimupeleka pale mbele ya kumupa kiti. Mimi pia alinipeleka, akaweka kidole chini ya mustari, akanisomea polepole. Niliangalia mulango. Alifikiri ni haya ya mutu asiyesoma sana, akaniambia: "Hata wewe umo ndani, mama, kama wangejua kuandika muzuri."

Mara mbili nilijaribu. Ya kwanza, siku tulizika Mama Mugisho. Nilimufikia, nikashika mukono wake, nikaona siyo siku yake. Ya pili, alikuwa mugonjwa wa malaria na nilimupelekea uji; nikaanza, "Preparatere, ile gogo..." na yeye akatabasamu na macho imefungwa, akasema, "Eeh, ile gogo." Nikaendelea kumupa uji. Miaka ikapita juu yake. Wazungu wengi wa kituo walikuwa wameondoka. Barabara ikaharibika. Yeye aliendelea kwenda kazini, akipata lori ao kwa miguu, kwa sababu, alisema, sanduku zile zikikosa naftalini mwezi moja, wadudu wengine watakula wadudu.

Sasa ile siku. Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya Zaïre. Mimi sikuwa ninasimama tena ku soko. Mutoto wangu Zawadi alikuwa ameshika hangar. Nilikuwa ninakaa ku mulango, ninaanika mihogo. Preparatere akaingia mu kiwanja na koti yake ya kijivu, ambayo sasa ilikuwa kubwa kwake, na nikaona amenyoa ndevu na amefunga karavati. Nilimuletea kiti.

"Mama Zawadi," alisema, "nimekuja kukuomba kitu, na sijakuombaka kitu tangu nilikuomba kuni."

Akaeleza. Kulikuwa dokotere ingine ku kituo, kijana wa hapa kwetu, aliyesoma mbali akarudi. Kijana muzuri, alisema, hata yeye anaacha kupumua. Yule dokotere alilea Mweusi wa mulima magogo sita, miaka sita. Wakatoka Weusi tu. Hakuna Manjano hata moja. Akafungua sanduku ya zamani, akachukua ule mutoto wa gogo ya tatu, akamuangalia na mashine kubwa, mwiba wa shingo, kiungo cha dume, yote. Akasema mbele ya wafanyakazi: huyu si mutoto wa Mweusi. Muzee alichanganya kuni, ao alitengeneza uongo ili afurahishe muzungu wake. Na ataandika hivyo, na itapigwa chapa.

"Kuchanganya," Preparatere alisema. "Mimi. Umeniona nikichanganya?"

"Hapana."

"Kesho nitamuleta hapa. Wewe ndiwe shahidi yangu. Gogo ilikuwa kwako na mistari yake mitatu, haikutoka. Utamwambia tu hivyo: haikutoka. Nikufe hata juma ijayo, lakini nisikufe mwongo."

Mihogo ilikuwa mu mikono yangu. Niliiweka chini.

"Ilitoka," nilisema.

Nilimwambia yote. Matanga ya Papa Balagizi, Mama Cibalonza, moto, rangi ya Fundi Mugaruka. Sikumutazama. Nilipomaliza nilisikia jirani akipiga mutoto, na mutoto akilia. Kisha akauliza, na sauti ambayo sikuitambua:

"Funza. Walikuwa wangapi?"

"Sikuhesabu wote. Mama muzee Nankafu alikula tano."

"Tano." Akafungua karavati. "Walikuwa wakubwa?"

"Kama kidole."

"Walikuwa karibu," alisema. "Miezi mbili, tatu. Walikuwa karibu kutoka." Na akalia. Alilia kama mutu mwenye kufiwa, na mimi sikuwa na ruhusa ya kumushika, kwa sababu mimi ndiye niliua. Zawadi alirudi kutoka soko, akatukuta vile, akarudi nyuma bila kuuliza.

Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane. Badala yake akajifuta uso na kofia, akatoa mu koti daftari na kalamu.

"Ile ingine. Ulinunua kwa nani?"

"Mama Nsimire."

"Wa wapi?"

"Bugarula, Idjwi. Alisema muti uliangushwa na upepo juu ya shamba ya muzee Cirimwami, nyuma ya shule."

Kalamu ikasimama. "Unajua hata shamba?"

"Aliniambia. Kwa nini nisahau?"

Akaandika. Aliandika ukurasa mzima kwa kifaransa, pole, anainamisha kichwa. Nilijua inamugharimu nini. Ile karatasi mu kioo, ile mistari ya herufi ndogo, kila neno aliloandika lilikuwa linaifuta. Mweusi wa mulima atarudia kuwa na jina yake peke yake. Yule muzungu wa tatu alikuwa ameona sawa, na Preparatere alikosea, na alikuwa anaiandika na mukono wake mwenyewe.

"Nisomee kwa kiswahili," nilisema.

Akasoma. Manjano na Mistari ni moja, hiyo inabakia. Kwa Mweusi, gogo iliungua ku matanga, ingine ya Idjwi ikaingia mahali pake. "Kwa uzembe wangu," akasoma, "kwa kuwa niliiacha mahali isiyo na ulinzi."

"Uzembe wa nani?"

"Wangu."

"Preparatere, we ulikuwa porini. Ni mimi nilipaka rangi."

"Mama Zawadi, hii karatasi haifutike. Watasoma Ulaya, watasoma Amerika, wewe na mimi tukiwa tumeoza zamani. Wataandika kwamba kulikuwa mwanamuke Bukavu aliyedanganya. Ya nini? Mimi ni muzee, niko peke yangu, uzembe hauniue."

"Ule kijana amesema wewe ni mwongo, na si kweli. Sasa unataka kuwa mwongo kwa kweli? Kwa ajili yangu? Andika."

"Mama..."

"Andika. Ao kesho nitapanda lori mimi mwenyewe na miguu yangu hii, nimwambie."

Alinitazama muda mrefu, na hasira ilikuwamo sasa, niliiona imefika, na nilifurahi kuiona. Akakata mustari wa uzembe, mara mbili, karatasi ikakaribia kupasuka. Akalowesha kalamu ku ulimi.

"Jina yako kamili," alisema. "Si Mama Zawadi. Ile ya kweli."

Nilimwambia, yote, na ya baba yangu, na ya mahali. Ni refu. Ilijaza mustari moja, ikashuka ku wa pili.